Pale Kijani Kinapogeuka Kahawia: Miaka Yangu ya Kuhariri Rangi

Siku ya kwanza kazini sikuruhusiwa kuigusa kompyuta. Nilikuwa nimevalia gauni la kanisani, nimeteremka kutoka milimani kwetu kwa lori la mahindi hadi Kilosa mjini, nimepiga hodi kwenye Kituo cha Picha za Mafunzo, jirani na reli, kabla hata mlinzi hajamaliza kufagia. Pamoja na yote hayo Mkuu wa Kituo akanikabidhi fungu la majani ya mahindi.

"Yametoka Kilangali, kwenye mashamba ya mbegu," aliniambia. "Yapange mezani, Mwalimu. Kuanzia bichi kabisa mpaka kavu kabisa. Ukimaliza uniite."

Nilikuwa mwalimu wa kuchora katika shule ya msingi, na nilichukuliwa kwa sababu mabango yangu ya ukutani yalimpendeza mkaguzi mmoja wa elimu. Nikaona nimedharauliwa. Nilikuja kujifunza mashine ya kisasa, napewa chakula cha mbuzi! Lakini nikayapanga, jani kwa jani, nikamwita. Akaniamuru nigeukie ukutani. Nikasikia jani likichomolewa.

"Geuka. Nimetoa wapi?"

Nikatazama. Palikuwa na mahali ambapo jicho lilijikwaa, kati ya kijani kilichochoka na njano ambayo ilikuwa bado haijajiamini. Nikaweka kidole. Nikapatia! Akachomoa la pili, nikapatia. La tatu nikakosa, la nne nikapatia, na mpaka saa sita mchana tulikuwa bado tunacheza mchezo ule, yeye mtu mzima mwenye mvi na suti ya kaunda, mimi mama wa watoto wawili, tunacheka kama tuko darasa la kwanza.

"Kazi yenyewe ndiyo hii," alisema mwishoni, akiyakusanya majani. "Mtazamaji asijikwae. Akijikwaa atatazama pale alipojikwaa, na kile unachomfundisha hatakiona tena."

Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa siitazami njia. Nilikuwa natazama migomba.

Ninyi vijana mnaobonyeza kitufe kimoja na rangi zikajipanga zenyewe, nivumilieni niwaeleze jinsi ilivyokuwa. Kituo kilitengeneza filamu fupi za katuni kwa ajili ya wakulima: namna ya kukausha mahindi, namna ya kutambua mpunga unaoumwa. Mchoraji alichora mistari, mwingine akaifanya itembee, na mimi nikapaka rangi. Sehemu yangu kubwa ilikuwa mipito ya rangi. Mpito ni pale rangi moja inapogeuka kuwa nyingine polepole, na mtu asiweze kusema imegeukia wapi. Shavu la mtu lina mpito, chungu kina mpito, na anga ndiyo usiseme.

Kwenye programu, mpito ni ukanda mwembamba ulio chini ya skrini. Juu ya ukanda huo kuna vidude vidogo vya kuburuta, tuliviita vituo, na kila kituo kimebeba rangi yake. Ukiweka kituo cha kijani kushoto na cha kahawia kulia, kompyuta inajaza katikati. Ukivisogeza karibu, rangi zinageuka ghafla. Ukivitenganisha, zinageuka kwa upole. Sasa sikilizeni uhondo wenyewe. Filamu ni picha nyingi zinazopita mbio, na kila picha tunaiita fremu. Unaweza kupanga mpito wako kwenye fremu ya kwanza, ukaupanga vingine kwenye fremu ya mwisho, na hizo mbili zikawa fremu kuu, kisha kompyuta ikatengeneza zote za katikati. Kwa maneno mengine rangi inasafiri kwenye picha, na inasafiri kwenye wakati pia! Siku nilipolielewa jambo hilo nilipanda juu ya kiti nikapiga kigelegele. Karani alikuja mbio akidhani kuna nyoka.

Monita yetu ilikuwa ya kichogo, nzito kama gunia la chumvi. Ili kupata filamu kamili ilikuwa lazima kurenda, yaani kuiachia kompyuta ikokotoe fremu moja moja, na dakika moja ya filamu ilikula siku nzima. Joto la Kilosa mnalijua. Feni ilikuwa moja, nayo tuliielekeza kwenye kompyuta. Sisi tulijipepea na mafaili.

Filamu yangu ya kwanza ilihusu kuandaa shamba, nami nilipaka anga kutoka bluu hadi nyeupe, safi, laini, nikajisifu moyoni. Mkuu wa Kituo aliitazama akiwa amesimama, miwani kwenye paji la uso.

"Anga hili limepakwa na mtu ambaye hajawahi kuamka mapema," alisema, akaenda zake.

Mimi! Binti wa milimani, niliyeanza kuchota maji kabla ya jogoo wa pili tangu nina miaka saba! Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Kesho yake nikaenda kusimama kwenye daraja la mto Mkondoa kukipambazuka, na kesho kutwa vilevile, na asubuhi ya tatu nikaona alichokuwa akikisema. Kiangazi, pale anga linapogusa milima, kuna ukanda wa rangi ya chai ya maziwa iliyozidishiwa maji; vumbi na moshi wa mashamba vimekaa pale. Nikakimbia ofisini nikaongeza kituo cha tatu. Nikapata ile rangi baada ya kuivuta huku na huku karibu asubuhi nzima. Mkuu alipopita nyuma yangu alishusha miwani machoni.

"Sasa hii ni Kilosa," alisema. Kwa mtu kama yule, hiyo ilikuwa hotuba.

Miaka ilipita, Mkuu akastaafu, na Kituo kikafungua studio Mikumi. Nikahamishwa. Barabara ya Kilosa na Mikumi ya wakati ule ilikuwa ya kukung'utana vumbi kila ukishuka, na kiti changu cha kazi nilikuja nacho juu ya keria ya basi kwa sababu sikutaka kukaa kwenye kingine. Mikumi ni mji wa barabara kuu. Malori ya masafa yanapita mchana kutwa, na nyani wanaingia jikoni kwako kama ndugu wa mume. Studio ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vipuri, lakini ilikuwa na kompyuta nne mpya, bapa, zinazorenda kwa saa moja kilichokuwa kikichukua siku. Nilikuwa kama mtoto wakati wa sikukuu.

Bosi wangu mpya alikuwa Msimamizi wa Studio, binti aliyesomea katuni Dar es Salaam, umri wake sawa na wa kifungua mimba wangu. Adabu alikuwa nayo, na ukali alikuwa nao, na vyote viwili vilitoka kwa pamoja. "Shikamoo mama," angesema akiingia, nami nikiitika marahaba tu, "hili anga umelifanyaje?"

Alipenda picha safi. Kitu alichokichukia kuliko vyote kilikuwa chenga, zile punje zinazochezacheza kwenye runinga antena ikikosea. Kwenye programu unaweza kutia chenga kwa makusudi, kuna kitufe chake, na wapo waliopenda kuzitumia ili filamu ionekane ya zamani. Msimamizi aliandika karatasi akaibandika mlangoni: CHENGA MARUFUKU. Mimi sikuwa na ugomvi na karatasi hiyo. Nilikuwa na mambo mengine ya kufurahia. Nani aliwaambia tembo ni wa kijivu? Tembo ana rangi ya udongo aliouoga juzi. Wa Mikumi nilimpa mpito wenye vituo sita, kutoka mgongo mwekundu wa vumbi hadi tumbo la matope, na askari mmoja wa wanyamapori alipoiona filamu ile alisema anamfahamu tembo yule.

Sasa niingie kwenye filamu ambayo karibu inikatishe tamaa ya kazi, na iliyokuwa na jambo kubwa kuliko kazi yangu.

Kiko kijiji upande wa Kidodi, jina sitalitaja, wenyewe wakisoma watajijua. Kuna wakulima wa siku nyingi pale, wazee wao waliteremka kutoka milimani, na wakati huo msemaji wao alikuwa Mzee Yeremia, mtu wa kanisa, mrefu, mwenye sauti ya kuamuru. Na kuna wafugaji waliofika miaka ya karibuni kutoka upande wa ziwa na ng'ombe wao. Mkubwa wao alikuwa Mzee Masanja, mpole, anayezungumza huku akitazama chini. Katikati ya mashamba na malisho kuna bonde lenye kijito. Wakati wa mvua ni bonde la maharage. Wakati wa kiangazi ndipo mahali pekee ng'ombe wanapoweza kunywa. Kiangazi kilichotangulia mashamba yalikuwa yameliwa, ng'ombe walikatwa mapanga, na vijana wa pande zote mbili walilazwa hospitali.

Afisa wa Mipango ya Ardhi akaja studio na mpango wake. Bonde lisigawanywe. Litumike kwa zamu, kwa kufuata msimu, kilimo kikipungua taratibu na mifugo ikiingia taratibu. Mpango ulihitaji kupigiwa kura na mkutano mkuu wa kijiji, na watu hawakuuelewa kwa maneno. Alitaka filamu.

"Wakiukataa," alituambia, "wakulima wamekwisha sema wafugaji waondoke kabla ya kiangazi. Kaya zote. Mzee Masanja na watu wake hawana pa kwenda."

Niliidaka kazi ile kwa mikono miwili. Kugeuka polepole kwa kitu kimoja kuwa kingine, tena kwa kufuata wakati! Kama kuna mtu aliyezaliwa ili atengeneze filamu hiyo, ni mimi. Nikachora bonde kwa juu, kama anavyoliona mwewe. Kijani ni kilimo, kahawia ni mifugo. Mvua inanyesha, kijani kinashuka mpaka kwenye kijito. Jua linawaka, kijani kinarudi nyuma pole, kahawia inakifuata pole. Hakuna mahali pa kuweka kidole ukasema hapa ndipo. Msimamizi alipoiona alinikumbatia. "Mama, hii ni safi," alisema. Safi! Nililala vizuri wiki nzima.

Tukaenda kuionyesha kwenye ghala la mpunga la kijiji, mchana, milango imefungwa na madirisha yamezibwa kwa turubai. Shuka jeupe ukutani, jenereta nje, projekta ya zamani juu ya meza ya Mwenyekiti wa kijiji. Wakulima walikaa kulia, wafugaji kushoto. Filamu ilikuwa kwenye fleshi. Ili ienee humo tulikuwa tumeibana, yaani kompyuta ilikuwa imepunguza idadi ya rangi ili faili liwe dogo. Hilo tulilifanya kila siku, wala hatukulifikiria.

Bonde likatokea. Jua likawaka. Kijani kikaanza kurudi nyuma.

Mpito wangu ulikuwa umekatikakatika. Rangi zilizopunguzwa hazikutosha kujaza katikati, na projekta ile kuukuu ikamalizia. Badala ya kijani kinachogeuka kahawia, palikuwa na mistari. Mitano, iliyonyooka, myeusi pembeni, kama imechorwa kwa rula.

"Simamisha hapo!" Mzee Yeremia alikuwa amekwisha simama. "Mwenyekiti, mimi nauliza. Mpaka huu nani kauchora?"

"Siyo mpaka, mzee," nikasema kwa haraka. "Ni hitilafu ya rangi tu."

"Mwalimu, nimeona ramani nyingi. Mstari ukiwa kwenye ramani ni mpaka. Na hapa iko mitano. Mmekuja kutupimia bonde kabla hatujapiga kura!"

Upande wa kushoto watu walikuwa wanahesabu mistari, yetu miwili, yao mitatu. Mtu akapiga kelele kwamba karatasi zimekwisha kusainiwa wilayani. Viti vikaanguka. Mwenyekiti alipiga meza mpaka projekta ikaruka, akaahirisha mkutano hadi Jumamosi, siku tatu tu mbele.

"Mkirudi na mistari," alituambia, "msirudi."

Nje nilimkuta Mzee Masanja akifungua baiskeli yake. Nikamwamkia, akaitikia, nikaanza kumweleza habari za rangi na faili na fleshi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Mwalimu, nakuamini," alisema. "Lakini nimekaa sehemu nne kabla ya hapa. Kila mahali walileta ramani, na kila walipochora mstari, aliyehama ni mimi." Akapanda baiskeli.

Sitawadanganya, nililia njia nzima, na malori ya miwa ya barabara ile yalituzuia mbele kama yameagizwa. Mkuu wangu wa zamani alinifundisha mtu asijikwae, na mimi nilikuwa nimekikwaza kijiji kizima.

Msimamizi alitaka tuandike maneno makubwa juu ya bonde: ENEO LA PAMOJA. Nikamwambia watu wale hawakugombana kwa kukosa maneno, maneno wameyasikia miaka yote. Walichokiona ni mstari, na dawa yake ni mstari uondoke. Akaniuliza utaondokaje wakati projekta ni ileile na fleshi ni ileile. Nikamwambia kwanza tuiazime hiyo projekta.

Tuliiazima projekta ya kijiji kabisa, tukaiwasha studio, mapazia yamefungwa. Kwanza nikagundua kosa langu mwenyewe. Nilikuwa na vituo viwili tu, kijani na kahawia, vimeachana mbali, na katikati nilikuwa nimeiachia kompyuta. Nikaweka cha tatu, rangi ya majani ya mwezi wa saba, ambayo si kijani wala si kahawia, ina rangi yake yenyewe. Mistari ikapungua, ikabaki mitatu. Nikaongeza vituo viwili zaidi. Bado mistari ilikuwepo, miembamba, lakini mtu anayeitafuta angeiona, na kule kila mtu angeitafuta.

Siku ya pili mchana nilikuwa nimekaa natazama shuka mpaka macho yanawasha. Nje lori likapita, vumbi likaingia kwa mlango, likaelea kwenye mwanga wa projekta. Na pale vumbi lilipoelea, mstari haukuonekana! Niliruka kutoka kwenye kile kiti changu. Kinachouweka mstari ni unadhifu wa kingo zake. Zichafue kingo, jicho litakosa pa kushika!

"Chenga," nikamwambia Msimamizi. "Nataka chenga."

Akaitazama karatasi iliyokuwa mlangoni. "Mama. Utanitilia uchafu kwenye filamu?"

"Ndiyo, bosi. Uchafu mwingi."

Sikungoja ruhusa. Nikatia tabaka la chenga juu ya mpito. Nikaibana filamu, nikaiweka kwenye fleshi, nikaiwasha. Mistari imerudi! Punje zilikuwa ndogo mno, ule ubanaji umezifuta zote. Nikaziongeza ukubwa. Sasa zikabaki, mistari ikapotea, lakini bonde zima lilikuwa linatambaa kama limevamiwa na mchwa, kwa sababu chenga zilikuwa zinabadilika kila fremu. Hapo mtu angetazama mchwa. Nikazigandisha, punje zile zile kwenye kila fremu, zimetulia kama mchanga. Tukafunga mapazia. Tukawasha.

Kijani kikarudi nyuma pole. Kahawia ikakifuata pole.

Msimamizi alisogea mpaka pua ikakaribia shuka. Akarudi nyuma. Akasogea tena. Kisha akaenda mlangoni, akabandua ile karatasi, akaikunja akaiweka mfukoni. "Marahaba mama," alisema, akachanganyikiwa kwa furaha, akajisahihisha, "nisamehe, shikamoo," na tukacheka mpaka mwenye duka la vipuri akagonga ukuta.

Jumamosi ghala lilijaa hadi nje. Niliunganisha nyaya, nikazikagua mara mbili. Filamu ikaanza, mvua, mavuno, jua. Watu walikuwa wameinama mbele wanatafuta mistari. Filamu ikafika mwisho. Mzee Yeremia akainuka, akaenda kwenye shuka, kivuli chake kikaanguka juu ya bonde.

"Rudisha pale katikati. Simamisha." Nikasimamisha. Akapitisha kidole kutoka kijani kwenda kahawia, akakirudisha, akakipitisha tena. "Mstari uko wapi?"

"Haupo, mzee."

"Basi nionyesheni mimi nasimama wapi."

Nilifungua mdomo, lakini sauti ilitoka kushoto. "Inategemea mwezi," alisema Mzee Masanja. Alikuwa amesimama, na safari hii alikuwa anatazama mbele. "Hapo ni mwezi gani, Mwalimu?"

"Wa nane."

"Mwezi wa nane maharage yameshatoka. Mimi nanywesha, wewe unapumzika."

"Nani kakwambia mwezi wa nane yametoka?" Mzee Yeremia akamgeukia. "Mwaka ambao mvua imechelewa, nusu iko shambani!"

"Basi nisubiri kidogo. Siku ngapi?"

Mnasikia? Siku ngapi! Watu waliokuwa wanahesabu mistari sasa wanahesabu siku! Mzee Yeremia akasema wiki mbili. Mwanamke mmoja akasema ng'ombe wanaonyonyesha hawawezi kungoja wiki mbili. Wiki moja kwa upande wa juu, akasema mwingine, ule wa mchanga, unakauka mapema. Ndipo Mwenyekiti akanigeukia. "Mwalimu, hiyo picha inabadilika?"

Nikaiunganisha kompyuta ya mkononi tuliyokuja nayo, nikaifungua programu yenyewe, mbele yao, ukanda wa rangi na vituo vyake vikaonekana ukutani. Nikashika kituo cha kahawia.

"Sogeza!" walisema wa kushoto.

"Rudisha!" walisema wa kulia.

"Kidogo! Umepitiliza, rudi! Hapo! Hapo hapo!"

Nimekaa na wataalamu wa rangi wengi. Sijawahi kuona wahariri wakali kama wale. Walimaliza mwezi wa nane wakadai wa tisa, wakarudi wa sita, bibi mmoja asiyejua kusoma akanikemea kwamba kijani changu cha upande wa kijito kimezidi, pale pana mawe. Nikakipunguza. Mchana wote mkutano mkuu wa kijiji ulihariri mpito wa rangi, fremu kuu moja baada ya nyingine, na mkono wangu ndio uliokuwa unatumwa. Walipopiga kura, mikono iliinuka pande zote mbili, na mimi nikapiga kigelegele kingine, cha pili katika utumishi wangu.

Niliendelea na kazi miaka mingine kadhaa. Kilichonistaafisha ni macho. Msimamizi, wakati huo akiwa Mkurugenzi, aliniuliza kwa upole kwa nini anga zangu siku hizi zina bluu nyingi. Kumbe mtoto wa jicho alikuwa ananipakia njano kila kitu, na mimi bila kujua nilikuwa naongeza bluu ili kusawazisha. Nilifanyiwa upasuaji, na siku bandeji zilipotoka niliona shuka la hospitali lilivyo jeupe nikamshika nesi mkono. Lakini muda wangu ulikuwa umefika. Niliagwa kwa pilau, nikarudi Kilosa.

Mnaoanza kazi hii leo mna mashine ambazo hatukuziota, nami nawaonea wivu waziwazi. Jueni tu kwamba rangi mnayoiona kwenye skrini yenu si ile atakayoiona mtu kwenye shuka la ghala. Nendeni mkae naye. Pelekeni projekta yake, siyo yenu. Na akisema ameona mstari, msimwambie haupo.

Kijiji kile hunipigia simu kila baada ya masika, kwa kuwa mvua hazifanani mwaka hadi mwaka na vituo lazima visogezwe. Mwaka huu nilienda kama kawaida. Mkutano ulipokwisha, Mzee Masanja akaniomba nipite kwake. Nilizoea kuona boma la miti na nyumba za udongo. Nilikuta nyumba ya tofali za kuchoma, msingi wa mawe, bati juu, na fundi anachanganya mchanga.

"Nimekuitia kazi yako, Mwalimu," alisema. "Ukuta wa mbele huu. Nipake rangi gani?"

Wanaonijua wanajua kwamba nikiulizwa habari za rangi haninyamazishi mtu. Pale niliiacha rangi kwanza. Nikaizunguka nyumba yote, nikashika tofali, nikashika fremu ya mlango, nikarudi mbele alipokuwa amesimama akinisubiri.

"Piga plasta kwanza, mzee," nikamwambia. "Iache ikauke vizuri. Rangi nitakuja tuichague mwakani."

"Sawa," alisema. "Mwakani nitakuwepo."